Penseli za Zamani Zisiishie Jalalani

Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mbao za mtarakwa zilikuwa zikiteremka kutoka milima ya Usambara zikining'inia angani. Kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikuwa na kiwanda cha kupasulia magogo huko juu kwenye msitu wa Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow, na reli ilikuwa chini kabisa, tambarare. Kati ya mbao na reli palikuwa na genge ambalo hakuna gari la ng'ombe lingeliweza. Kampuni ikaleta njia ya waya iliyoundwa na Bleichert wa Leipzig, ikaufunga waya kutoka mlimani hadi Mkumbara, na kutoka Mkumbara mzigo ukapanda treni kwenda bandari ya Tanga. Ulipofika Ujerumani, sehemu yake iligeuzwa penseli.

Mabasi ya Moshi na Arusha hupita Mkumbara kila siku. Ni abiria wachache wanaojua kwamba wanapita mahali palipolisha viwanda vya penseli vya Ulaya.

Mtarakwa, ambao wataalamu wa mimea huuita Juniperus procera, si mgeni kwa watu wa nyanda za juu. Unaota Usambara na Meru, unaota Aberdare, Mau na Mlima Kenya, na unapanda kaskazini hadi Ethiopia na ng'ambo ya bahari huko Yemen. Ndugu zake wote duniani ni miti ya nusu ya kaskazini. Huu peke yake ndio uliovuka ikweta na kuota kusini bila kupandwa na mtu. Wakulima na wafugaji wanaupendea nguzo za uzio kwa sababu mchwa hauwezi. Watengenezaji wa penseli waliupendea jambo jingine: nyuzi zake zimenyooka na ni laini, kwa hiyo ukichongwa unatoa ganda jembamba bila kumeguka. Hadi leo wafanyabiashara wa mbao wa Ulaya wanaujua kama mwerezi wa penseli wa Afrika Mashariki.

Kwa hiyo penseli kuukuu iliyolala kwenye droo ya babu aliyekuwa karani, au kwenye kisanduku cha mwalimu mstaafu, inaweza kuwa kipande cha msitu wa hapa hapa kilichokwenda Ulaya na kurudi dukani kikiwa na jina la Kijerumani au la Kiingereza. Hata kama mti wake ni wa kwingine, bado ni hati. Imeandikwa nchi ilikotoka, kiwanda, namba, wakati mwingine hata vita vilivyokuwa vikipiganwa ilipotengenezwa. Stempu za posta zina wakusanyaji wake, sarafu zina wakusanyaji wake, na kanga nazo zimeanza kutazamwa kwa heshima zinayostahili. Penseli inatupwa. Huko ni kupoteza, na ni kupoteza kunakoweza kusimamishwa kwa gharama ndogo sana.

Wajerumani hawakufika Shume kwa bahati. Karne ya 19 penseli bora duniani zilitengenezwa kwa mwerezi mwekundu wa mashariki mwa Marekani. Eberhard Faber, wa ukoo wa Faber wa mji wa Stein karibu na Nuremberg, alikwenda New York, akaweka kinu cha mbao Cedar Key, kisiwa cha Florida ambacho jina lake lenyewe limetokana na mti huo. Mti ulikatwa kuliko ulivyoota. Mwaka 1896 kimbunga kikapiga Cedar Key na kufagia vinu. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 uhaba ulikuwa mkubwa kiasi kwamba huko Tennessee wafanyabiashara wa penseli walikuwa wakiwaendea wakulima na kuwaomba nguzo za ua wao wa zamani, zilizokuwa za mwerezi, na kuwafungia ua mpya wa waya badala yake. Mji wa Shelbyville, ambako James Raford Musgrave alianzisha kiwanda mwaka 1916, ulikua kwa biashara hiyo. Hali ilipofika hapo, si ajabu macho ya Ulaya yaligeukia Usambara na baadaye misitu ya Kenya. Mwishowe Marekani ilipata mti mwingine upande wa Pasifiki, mwerezi wa uvumba wa California, na ndio unaotumika zaidi hadi sasa kwa penseli nzuri za huko.

Sasa atwae mtu penseli moja ya zamani na aitazame kwa utulivu.

Aanze kitakoni, upande usiochongwa. Pale kuna mstari mwembamba unaokata duara katikati, kwa sababu penseli ni vibao viwili vilivyochimbwa mifereji, vikalazwa risasi katikati, yaani grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, kisha vikagundishwa na kukatwa. Risasi ikiwa ya mviringo, penseli hiyo ni ya zama za mashine. Ikiwa ya mraba, na imefunikwa na kifuniko chembamba badala ya nusu kamili, mshikaji ana kitu cha zamani sana mkononi, maana mafundi wa mwanzo walipasua risasi kwa msumeno na kuitia kwenye mfereji kama ilivyo. Hivyo ndivyo zilivyokuwa penseli za familia ya Thoreau wa Concord, Massachusetts, ambako mwandishi Henry David Thoreau alifanya kazi kwenye karakana ya baba yake na kuboresha mchanganyiko wa risasi. Penseli kongwe kuliko zote zinazojulikana ilikutwa kwenye paa la nyumba ya karne ya 17 huko Ujerumani, na sasa iko kwenye hazina ya Faber-Castell. Ni ya seremala. Ni jambo la kufurahisha kwamba penseli bapa ambayo fundi wa Keko au Gikomba anaiweka nyuma ya sikio ina nasaba ndefu kuliko ya mwanafunzi.

Baada ya kitako, mti. Aparuze kidogo kwa wembe mahali palipokwisha chongwa, asiguse rangi. Mti mwekundu wa kahawia wenye harufu kama ya sanduku la zamani la nguo ni mwerezi mwekundu wa Marekani au mtarakwa. Mti wa rangi ya waridi iliyofifia, wenye harufu nyepesi, huenda ni wa California. Mti mweupe usionukia ni wa aina nyingine kabisa, mara nyingi wa Asia. Kuna mtego hapa: viwanda vingi hupaka mti mweupe rangi nyekundu ili ufanane na mwerezi. Rangi hiyo huonekana imetulia sawasawa kila mahali, wakati mwerezi wa kweli una michirizi ya giza na mwanga. Ama kutofautisha mtarakwa na mwerezi mwekundu wa Marekani kwa jicho tupu, hilo ni gumu mno, kwani ni miti ya ukoo mmoja. Mtarakwa ni mzito kidogo na mgumu kidogo, lakini tofauti hiyo haionekani kwenye kipande chembamba kama kidole. Hapo anahitajika mtaalamu wa mbao na hadubini yake.

Kisha maandishi. Hapa ndipo penseli inapozungumza zaidi.

Mfano mzuri kuliko yote ni Koh-i-Noor. Kampuni ya L. & C. Hardtmuth ilianzia Vienna mwaka 1790, ikahamia Budweis mwaka 1848, mji ambao leo unaitwa České Budějovice. Mwaka 1889 ilipeleka Paris, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, penseli ya namba 1500, ikaipaka rangi ya njano na kuipa jina la almasi maarufu ya India. Iliuzwa ghali na ikanunuliwa sana, na viwanda vya Marekani vikaiga rangi. Ndiyo sababu watoto wengi duniani wakichora penseli huipaka njano. Kiwanda hakikuhama tena, lakini nchi zimehama juu yake. Yenye neno Austria ni ya kabla ya 1918. Yenye neno Czechoslovakia ni ya baina ya 1918 na 1992. Yenye neno Czech Republic ni ya tangu 1993. Mashine ni ya mji uleule, ila neno moja linamwambia mshikaji ni dola gani iliyokuwa imesimama siku risasi ile ilipotiwa.

Kwa Ujerumani hesabu ni kama hiyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ililazimisha bidhaa za kigeni, zikiwemo za Wajerumani, zitajwe asili yake, na ushuru mpya wa Marekani wa mwaka 1890 ukadai vivyo hivyo kwa bidhaa zote za nje, kwa hiyo penseli isiyotaja nchi mara nyingi ni ya kabla ya hapo au haikukusudiwa kuvuka mpaka. Neno Western Germany linaiweka penseli baada ya vita na kabla ya nchi mbili kuungana mwaka 1990.

Afrika Mashariki nayo ina alama zake, na ndizo zinazostahili kuwindwa kwa bidii kuliko zote. Penseli ya tangazo la duka au kampuni ikiwa na neno Tanganyika chini ya jina la Dar es Salaam, karibu hakika imetengenezwa kabla ya jina la Tanzania kuanza kutumika Oktoba 1964. Kenya Colony ni ya kati ya 1920 na 1963. Zaire ni ya kati ya 1971 na 1997, na wauzaji wa Lubumbashi na Bukavu wanaweza kuwa nazo bado chini ya kaunta. Yenye mistari ya kusomwa na mashine ya dukani haiwezi kuwa ya kabla ya 1974, mwaka mistari hiyo ilipoanza kutumika madukani Marekani. Hakuna anayehitaji shahada ili kuyajua haya. Kinachohitajika ni mtu kusoma kilichoandikwa kabla ya kutupa.

Vita hasa vimeacha chapa. Kampuni ya Eagle ya Marekani ilikuwa na penseli ya njano iliyouzwa kwa jina la Mikado, cheo cha mfalme wa Japani. Desemba 1941 Japani ikaishambulia Pearl Harbor, na kampuni ikabadili herufi moja tu: Mirado. Kwa mkusanyaji, herufi hiyo moja ni kalenda. Vita hivyohivyo vikabana shaba na bati, na viwanda vya Marekani vikaacha kufunga raba kwa kipete cha chuma, vikatumia plastiki au karatasi ngumu iliyosokotwa. Penseli yenye kipete cha karatasi inaonekana duni, na mtu asiyejua ataiacha achukue yenye kung'aa. Kumbe ile duni ndiyo adimu, maana ilitengenezwa kwa miaka michache tu.

Keswick, kaskazini mwa Uingereza, kuna habari kubwa zaidi. Hapo ndipo penseli ilipoanzia, kwa sababu milima ya Borrowdale iliyo karibu ilikuwa na grafiti safi ambayo wachungaji waliitumia kwanza kutia kondoo alama. Mwaka 1942 Charles Fraser-Smith, mtumishi wa serikali aliyekuwa akiwatengenezea majasusi vifaa vya siri, alikwenda kwenye kampuni ya penseli ya Cumberland ya mji huo. Wafanyakazi walipokwenda nyumbani jioni, mameneja walibaki, wakatoa penseli zilizokwisha kukamilika, wakazitoboa ndani, wakaingiza ramani ya Ujerumani iliyochapwa kwenye karatasi nyembamba isiyochakarika, na chini ya raba wakaweka dira ndogo. Penseli zikapewa marubani na wenzao wa ndege za mabomu, ili ndege ikianguka upande wa adui mtu apate njia ya kurudi. Mbele iliachwa risasi ya kweli ili iandike kama nyingine. Ipo kwenye makumbusho ya penseli ya Keswick, na inavuta wageni kutoka mbali.

Makumbusho ya penseli. Mji mdogo wa milimani unalinda kumbukumbu ya kazi yake, unawapokea wageni, unawauzia chai. Lushoto nayo ni mji mdogo wa milimani, na ina msitu wa Magamba ambao mitarakwa ya Shume ni sehemu yake, ina ofisi za misitu, ina watalii wanaopanda mlima kila msimu. Chumba kimoja chenye kibao cha mtarakwa, picha za ile njia ya waya na penseli za zama hizo kingempa mgeni na mwanafunzi wa Lushoto habari ambayo haipatikani kwingine kokote.

Kuna aina moja ambayo wakusanyaji wa hapa wanapaswa kuijua vizuri na kuishika kwa tahadhari: penseli ya kunakilia. Ilienea tangu miaka ya 1870, ikatumika maofisini, kwenye mabenki, stesheni za reli na vitani. Ndani ya risasi yake kuna rangi ya aniline. Ikiwa kavu inaandika kijivu kama penseli yoyote, ikipata unyevu inageuka zambarau na haifutiki, na karatasi yenye maji ikikandamizwa juu yake inatoa nakala. Makarani walikuwa wakiilamba ncha, midomo ikabaki na rangi. Isifanywe hivyo leo, maana rangi ile ni sumu na ikiingia jichoni hudhuru vibaya. Njia salama ya kuitambua ni kuandika alama ndogo kwenye karatasi na kuigusa na pamba yenye maji. Italia bado inatumia penseli ya aina hii kwenye vyumba vya kupigia kura, kwa sababu hiyohiyo ya kutofutika.

Na wale wanaoona penseli ni kitu kidogo wakumbuke mtihani. Mwaka 1938 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kusahihisha mitihani, namba 805, iliyotokana na wazo la mwalimu wa Michigan aitwaye Reynold Johnson. Mashine hiyo ilitumia sifa moja ya grafiti: inapitisha umeme. Mwanafunzi akitia alama nzito mahali pa jibu, mkondo unapita na alama inahesabiwa. IBM ikauza penseli maalumu kwa kazi hiyo, zilizoandikwa Electrographic, na leo zinatafutwa na wakusanyaji. Mashine za baadaye ziliacha umeme zikatumia mwanga, lakini penseli ikabaki. KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi Kenya, tangu 1985 hadi watahiniwa wa mwisho mwaka 2023, ilimtaka mtoto atie alama kwa penseli ya kawaida. Tanzania ilianza kusahihisha mtihani wa darasa la saba kwa mashine za namna hiyo mwaka 2012. Mamilioni ya watoto wa Afrika Mashariki wamepitisha maisha yao kwenye ncha ya HB, na ni haki kuuliza: ni wangapi wameihifadhi ile penseli? Ile yenyewe, yenye alama za meno mgongoni. Kwa mwanahistoria wa elimu wa miaka hamsini ijayo itakuwa na thamani sawa na karatasi ya mtihani.

Mkusanyaji wa hapa hana haja ya kungoja vitu vya Ulaya. Duka la steshonari la mtaani limejaa penseli za Asia. Nataraj yenye mistari myekundu na myeusi ni ya Hindustan Pencils, kampuni ya India iliyoanza mwaka 1958, na ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza Apsara. Mti wa penseli nyingi za India hutoka Kashmir, ambako kijiji cha Ukhoo wilayani Pulwama hupasua mipopla kuwa vibao vya penseli mwaka mzima. Chung Hwa ya kijani, namba 101, ni ya Shanghai. Penseli yenye almasi tatu na jina Mitsubishi huwakosesha wengi: kampuni hiyo ya Japani, iliyoanza mwaka 1887, ilisajili almasi zake tatu mwaka 1903 na haina uhusiano wowote na Mitsubishi ya magari. Staedtler Noris ya njano na nyeusi inaigwa kila kona. Anayetaka kujua asili na nakala atazame maandishi kwa kioo cha kukuzia: chapa ya kiwanda halisi imezama kwenye rangi na kingo zake ni kali, ya kuiga huelea juu na kufutika kwa ukucha. Uigaji wenyewe si wa leo. Lothar von Faber alipiga jina la A. W. Faber kwenye penseli zake tangu karne ya 19, akaigwa mno, na mwaka 1874 akapeleka ombi bungeni Berlin akidai sheria ya kulinda alama za biashara. Sheria ikapatikana. Penseli za kuiga nazo zikusanywe, maana zinaonyesha soko lilikuwa linatamani nini.

Fedha zipo kwenye jambo hili, na hakuna aibu kuzitaja. Blackwing 602, penseli ya kijivu iliyotolewa na Eberhard Faber mwaka 1934, ilikuwa na kipete bapa kilichobana raba inayoweza kubadilishwa. Mwandishi John Steinbeck aliipenda. Mashine ya kutengenezea kibanio kidogo cha ndani ya kipete iliharibika, haikutengenezwa, akiba ya vibanio ikaisha, na mwaka 1998 penseli ikasimamishwa. Baada ya hapo penseli moja ambayo haijachongwa ilifika kuuzwa dola 40. Mwaka 2010 kampuni ya California ikalifufua jina la Blackwing. Ya zamani hutambulika kwa jina la Eberhard Faber, au la Faber-Castell lililofuata mwaka 1988 kampuni iliponunuliwa. Huko Iowa mkusanyaji mmoja alihesabiwa penseli zaidi ya 69,000 mwaka 2023, zisizofanana, na American Pencil Collectors Society ikasimamia hesabu. Mtu wa Arusha au wa Kisumu hana haja ya kufika huko. Penseli mia zilizosomwa vizuri na kuandikiwa habari zake zina faida kuliko elfu zilizorundikwa kwenye ndoo.

Kuzitunza ni rahisi, na makosa yake yanajulikana. Penseli ambayo haijachongwa isichongwe. Iliyochongwa isichongwe upya, kwa kuwa alama ya kisu badala ya kichongeo nayo ni habari. Zisifungwe kwa mpira, maana mpira ukizeeka huyeyuka na kugandia rangi. Zisioshwe kwa maji. Maandishi ya unga wa dhahabu bandia huondoka kwa kusuguliwa mara moja. Mwanga wa jua hufifisha rangi, kwa hiyo kisanduku chenye kifuniko ni bora kuliko glasi ya dirishani. Mchwa na dumuzi watakula ya mti mweupe mapema kuliko ya mwerezi.

Kubwa kuliko yote ni karatasi ndogo inayoambatana na kila penseli. Iandikwe ilipatikana wapi, kwa nani, ilitumika kazi gani, maandishi yake yote herufi kwa herufi pamoja na makosa, umbo lake, urefu, rangi, na kama ina raba. Penseli isiyo na habari hizo, hata iwe nzuri namna gani, hubaki pambo.

Watu wa kuanzisha kazi hii wapo na wanalipwa tayari. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha misitu na mbao. Wanafunzi wake wangeweza kupewa vipande vya penseli za zamani wavipime kwa hadubini na kusema ni ipi ya mtarakwa na ipi ya Marekani, na hiyo ingekuwa kazi ya utafiti yenye maana kuliko mada nyingi zinazorudiwa kila mwaka. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, iko Muguga, jirani na misitu yenyewe. Ni jambo la haraka pia kwa upande wa mti, kwa kuwa mitarakwa mikubwa imekatwa sana na bado inakatwa kwa magendo, hata baada ya Kenya kuzuia ukataji kwenye misitu ya umma mwaka 2018. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam na ya Nairobi yana vyumba vya historia ya ukoloni. Meza ya karani, penseli yake ya kunakilia na daftari lake vingeonyesha jinsi utawala ule ulivyofanya kazi siku kwa siku, na vingewagusa wageni ambao babu zao walikaa kwenye meza kama hizo.

Shule kongwe ndizo zenye hazina kubwa zaidi. Stoo zao zina makabati ambayo hayajafunguliwa tangu mwalimu mkuu wa awamu iliyopita, yenye chaki, katoni za vitabu na maboksi ya penseli yaliyobaki. Vitu hivyo huorodheshwa kuwa chakavu, kamati hupita, kisha huchomwa nyuma ya jiko. Likizo ya Desemba ikija, mwalimu wa historia aombe ruhusa ya kuingia mle na wanafunzi wanne na daftari moja, waandike kilichomo kabla kamati haijapita, na kila boksi lenye maandishi ya nje lipigwe picha pande zake zote.